Kabla Hamjabadili Sare Tena: Barua ya Wazi kwa Makamanda Wenye Dhamana ya Mavazi ya Jeshi

Maafande,

Naandika nikiwa raia, kichwa wazi, kwa hiyo saluti sipigi. Mnaijua desturi hiyo: katika majeshi yaliyolelewa kwa kanuni za Uingereza, askari asiye na kofia hapandishi mkono. Anakaza miguu, anasimama wima, basi. Hesabuni kwamba nimesimama hivyo tangu mstari wa kwanza, ingawa ukweli ni kwamba nimekaa na goti moja nimelinyoosha juu ya stuli.

Jeshi nililotumikia sitalitaja. Ninalolisema linahusu jeshi lolote lenye ghala la sare na kamati ya kuzibadilisha, na sijawahi kusikia jeshi lisilo na viwili hivyo.

Ombi langu ni moja. Mnapofuta kanuni ya mavazi, andikeni iliwekwa kwa ajili gani. Na zile ambazo hamzijui, tuulizeni sisi tuliozivaa, maana tunapungua.

Lililonichokoza ni hili. Majuzi tulialikwa wastaafu kwenye sherehe ya kikosi. Nilivaa buti zangu za zamani, nimezing'arisha usiku kucha kama kuruta. Luteni usu mmoja, kijana mwenye adabu nzuri tu, akanitazama miguuni akauliza: "Mzee, mbona kamba za buti zako zimelala kama ngazi?" Wenzake wakacheka, si kwa dharau. Wao zao zilikuwa zimepishana, kila mmoja kwa namna yake. Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akajibu, "Kumbe ulikuwa urembo wa enzi zenu."

Urembo!

Nilikuwa askari wa mwaka wa kwanza, tuko kwenye mazoezi ya usiku. Lori lilirudi nyuma bila taa, kama lilivyoamriwa, na gurudumu likapanda mguu wa mwenzetu. Nilikuwa nimeshika tochi, nimeiziba kwa kiganja ili mwanga usitapakae, nikaona buti linajaa kama mkate unaoumuka. Koplo wetu akapiga goti. Akachomeka ncha ya kisu chini ya kamba ya chini kabisa, akavuta kuelekea juu mara moja tu. Kamba zote zikakatika, tak-tak-tak, kama vifungo vya shati kuukuu. Buti likafunguka pande mbili na mguu ukatoka bila kuvutwa. Sekunde tatu, labda nne.

Kamba zikilala mlalo, kila ngazi ni uzi mmoja uliotanda peke yake katikati ya mguu. Kisu kinapita njia moja, hakikwami penye fundo wala penye makutano. Ndiyo sababu. Koplo yule alikuwa amenirusha kichura mara mbili mwezi ule ule kwa kupishanisha kamba zangu, na hakuwahi kunieleza kwa nini. Kila nilipouliza alisema: "Ndivyo linavyofungwa." Kama si lori lile, hata mimi ningestaafu nikiamini ni urembo.

Kwa hiyo maafande, lawama nazigawa. Nusu ni zenu mliofuta ule mstari kwenye kitabu cha mavazi bila hata neno moja la maelezo. Nusu ni yetu. Tuliamrisha miaka yote hiyo na hatukueleza.

Na kuna jambo baya zaidi ya kutoeleza, nalo nimelifanya kwa mdomo wangu mwenyewe. Katika kikosi kimoja nilichopitia, suruali ya kazini ilishonwa mfuko wa kushoto ukazibwa kabisa. Si wa kulia, wa kushoto tu. Kisa chake nakijua kwa sababu nilikuwepo: mkuu wa kikosi wa wakati huo alichoshwa na askari mmoja aliyezoea kuweka mkono mfukoni kwenye foleni ya chakula, na askari yule alikuwa wa mkono wa kushoto. Akaagiza mfuko ule ushonwe kwa watu wote. Mkuu akahamishwa, askari akamaliza mkataba, uzi ukabaki. Miaka ikapita. Nimeshapata tepe tatu, makuruta wananiuliza kwa nini mfuko huu umezibwa. Nikaona aibu kuwaambia ukweli. Nikawaambia ni heshima kwa mwenzetu aliyekufa akiwa na barua ya mama yake mfukoni. Barua! Sijui niliitoa wapi. Baadaye nikahamishwa, na nikaja kukisikia kisa changu kikirudi kwangu kutoka kwa sajini nisiyemjua, kimeongezewa jina la mto na hali ya hewa. Alikisimulia machozi yakimlengalenga. Sikuwa na ubavu wa kumkatiza.

Hivi ndivyo inavyokuwa pale sababu isipoandikwa. Nafasi haibaki wazi, huwa inajazwa na mwongo wa karibu.

Msidhani ni ugonjwa wa kikosi chetu peke yake. Mabaharia wa nchi nyingi wana ile kola pana ya buluu yenye mistari mitatu myeupe. Muulize yeyote, atakwambia mistari ile ni ushindi mara tatu wa Admirali Nelson wa Uingereza. Maneno matamu, lakini hayana ushahidi. Sare rasmi ya mabaharia wa kawaida wa Uingereza iliwekwa mwaka 1857, nusu karne na ushei baada ya Nelson kufa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar, na hakuna karatasi inayounganisha mistari na vita vyake. Kadhalika vile vifungo vya mkononi mwa koti. Tuliambiwa depo, kwenye kambi ya mafunzo ya makuruta, kwamba Napoleon aliviweka ili askari wasijifutie kamasi kwenye mkono wa nguo. Wengine wanasema ni mfalme wa Prussia. Karatasi hakuna, lakini kila depo duniani ina sajini anayekiapia kisa hicho. Ninamwelewa. Na mimi nina barua yangu ya mama.

Sasa tazameni pale ambapo watu waliandika. Uingereza ilipiga marufuku mikia ya nywele kwa askari wake mwaka 1808. Kabla ya hapo nywele zilisukwa nyuma, zikapakwa mafuta na unga, na mkia ule ulichafua mgongo wa koti. Rejimenti ya Royal Welch Fusiliers ilikuwa ng'ambo, amri ikachelewa kuwafikia. Walipokata mikia, maofisa wakabakiza zile riboni nyeusi za kufungia nywele, wakazishona nyuma ya kola. Riboni tano. Mwaka 1834 mfalme akaziidhinisha rasmi, na warithi wa rejimenti ile wanazivaa hadi leo. Kwa mtu asiyejua, ni vitambaa vitano vinavyopeperuka shingoni bila kazi. Anayejua anaona askari waliokuwa wa mwisho kukata nywele na wakakataa kusahau. Nani ana nguvu ya kuzifuta riboni zile kwenye kikao cha kamati? Hakuna, kwa sababu sababu yake imeandikwa na imetiwa sahihi.

Au rejimenti ya 28, waliokuja kuitwa Gloucestershire. Tarehe 21 Machi 1801, karibu na Alexandria nchini Misri, Wafaransa waliwajia mbele na wapanda farasi wao wakatokea nyuma kwa wakati mmoja. Mstari wa nyuma ukaamriwa kugeuka, wakapigana mgongo kwa mgongo. Tangu hapo wakavaa beji mbili kwenye kofia, moja mbele na moja kisogoni. Mimi si Mwingereza na sina deni nao, lakini nikimwona mtu ana beji kisogoni naelewa, na nasimama vizuri zaidi.

Sitaki mnione mzee anayelilia kila kilichozeeka. Mengine yalistahili kufa, na yangestahili kufa mapema zaidi. Ufaransa iliingia vitani Agosti 1914 askari wake wakiwa na suruali nyekundu. Waingereza walikuwa wameshahamia kaki, Wajerumani rangi ya kijivu. Wafaransa walibishana kwa miaka, na wapo waliosema ukiivua suruali nyekundu umeivua nchi yenyewe. Sheria ya kitambaa kipya ilipita Julai 1914, vita vikaanza mwezi uliofuata kabla kitambaa hakijashonwa. Tarehe 22 Agosti peke yake walikufa Wafaransa wapatao 27,000. Sisemi ni suruali iliyowaua wote. Kulikuwa na mizinga, bunduki za rashasha na amri za kushambulia uwandani. Ila aliyelala kwenye majani mabichi na miguu myekundu alimrahisishia kazi mlenga shabaha. Mwaka uliofuata wakapewa buluu iliyofifia kama ya upeo wa macho, na nyekundu ikabaki ya gwaride.

Kaki yenyewe, tunayoitamka kama neno letu, ilitoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi. Kikosi cha Corps of Guides, cha Waingereza kule India, kilichoundwa na Harry Lumsden kule Peshawar (leo ni Pakistan) mwaka 1846 ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza kuivaa. Watu wale hawakuwa na haja ya mapambo. Walitaka wafanane na ardhi waliyolalia. Hiyo nayo ni sababu, na mtu aliyeijua asingehitaji miaka sitini kushawishika.

Na masharubu je? Tangu miaka ya 1860 kanuni za jeshi la Uingereza zilimkataza askari kunyoa mdomo wa juu. Kidevu anyoe, masharubu ayaache, atake asitake. Vijana wa miaka 18 wenye nywele tatu juu ya mdomo walilazimika kuzitunza hizo tatu. Amri ile ilifutwa Oktoba 1916 na Jenerali Nevil Macready, mtu ambaye mwenyewe aliyachukia masharubu yake, na inasemekana alienda kunyoa muda si mrefu baada ya kutia sahihi. Hapo hakuna wa kumlilia. Kanuni iliishi zaidi ya miaka hamsini na ikafa kwa kalamu ya aliyechoshwa nayo. Lakini angalieni kilichofuata. Kunyoa kidevu kulibaki, na safari hii kulikuwa na kazi: gesi ya klorini ilikuwa imeshapulizwa pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na kinyago cha kuzuia gesi hakishiki vizuri kwenye ndevu. Karne nzima wakuu wa depo wakakagua videvu kwa sababu hiyo. Machi 2024 jeshi hilo hilo likaruhusu ndevu, kwa masharti, na pale penye hatari ya gesi askari anaweza kuamriwa anyoe. Hiyo ndiyo kazi safi. Waliobadili walijua kanuni ilikuwa inalinda nini, wakabakiza ulinzi wakaondoa usumbufu. Mimi binafsi ndevu kwenye sare bado zinanikwaza macho. Lakini hoja sina.

Warusi nao waliachana na vitambaa vya kufungia miguu mwaka 2013, baada ya waziri wao wa ulinzi, Sergei Shoigu, kusema mwanzoni mwa mwaka kwamba ukiisha wawe wameshalisahau hata neno lenyewe. Walikuwa wamevitumia tangu enzi za Peter Mkuu. Soksi ni bora, nani atabisha? Ila mzee aliyewahi kufunga vitambaa atakueleza kwamba kikilowa ncha moja unageuza ile kavu, kwamba hakina kisigino cha kutoboka, kwamba kinakauka upesi, na kwamba ukikifunga vibaya utalia kabla ya kilomita ya tano. Soksi zikija kuwa adimu siku moja, ujuzi huo utatafutwa. Waziri alitaka neno lisahaulike. Hapo ndipo ningempinga, kwa heshima zote: kitambaa kiondoke, neno libaki.

Bereti nimeiacha hadi hapa kwa sababu inaniuma. Ile nyeusi ilipitishwa mwaka 1924 kwa wanajeshi wa vifaru wa Uingereza. Ndani ya kifaru huwezi kuvaa kofia ya ukingo, utashindwa kuweka jicho kwenye darubini. Na nyeusi haionyeshi mafuta. Kofia ya kazi kabisa, ya watu wenye grisi mikononi. Kisha kila jeshi likaitaka, kila tawi na rangi yake, mpaka kazi ikasahaulika na rangi ikawa ndiyo kila kitu. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza mwaka 2001 kuwavisha askari wake wote bereti nyeusi. Kabla ya hapo nyeusi ilikuwa ya Rangers, kikosi chao teule, na wakongwe wao walipinga kwa uchungu, mwishowe Rangers wakahamia rangi ya mchanga. Miaka kumi baadaye, 2011, askari wakiwa na kombati wakarudishiwa kofia ya kawaida yenye ukingo, kwa sababu bereti haizuii jua machoni wala haikaushi jasho. Hilo mwanajeshi yeyote wa vifaru angewaambia bure. Bereti haikutengenezwa kwa ajili ya jua. Ilitengenezwa kwa ajili ya shimo la chuma.

Tena ni Wamarekani hao hao ambao Novemba 2018 walitangaza kurudisha sare ya ofisini iliyofuata mtindo wa Vita Kuu ya Pili, ile ya kijani iliyokolea na suruali nyepesi. Wangeweza vipi kama michoro na makoti yangekuwa yameteketezwa? Kipya kinyemi, lakini na cha zamani huwa kinaitwa tena.

Basi ninachoomba kitekelezwe hivi. Kitabu cha kanuni za mavazi, ninavyokikumbuka, kina safu mbili: kitu, na namna ya kukivaa. "Mkanda: bizimu katikati, ncha kushoto." Ongezeni safu ya tatu. Iiteni "kwa nini". Ijazwe kwa maneno machache tu. Mahali sababu ni kazi, iandikwe kazi. Mahali ni msiba au ushindi, uandikwe na tarehe yake. Na mahali ambapo kamanda fulani alikasirika siku fulani, tafadhali andikeni hivyo hivyo: "kamanda alikasirika". Hakuna aibu. Aibu ni askari wa leo kulia kwa ajili ya mfuko.

Kisha, kabla ya sare inayofuata kushonwa, tumeni mtu. Asiwe mkubwa, wakubwa wakija tunasimama na tunasema yanayopendeza. Mtumeni koplo mwenye kinasa sauti na subira. Aanze na wale wa stoo na mafundi cherehani, si majenerali. Fundi cherehani wa kikosi ndiye anayejua kwa nini mshono wa begani ulihamishwa sentimita mbili: mkanda wa bunduki ulikuwa unaukata. Jenerali hajui. Aende kwa wake zetu pia, au wajane wetu, waliosimama na pasi na wanga alfajiri ya gwaride na wanajua mkunjo gani wa suruali ulikuwa amri na upi ulikuwa majivuno ya mume. Aende kwa wapiga bendi, kwa wachimba makaburi wa jeshi, kwa yule aliyekuwa akigeuza buti kwenye vikuku vya farasi. Watu wengi walimwona Black Jack, farasi asiye na mpandaji, akiongozwa kwenye mazishi ya Rais Kennedy wa Marekani Novemba 1963, buti zikiwa zimetazama nyuma. Buti zile hazikujigeuza. Kuna askari aliyeagizwa azifunge hivyo, na kuna aliyemfundisha fundo lipi lisilolegea farasi akirusharusha kichwa. Huyo wa pili ndiye ninayemtafutia kinasa sauti.

Na mtakapokuja kwangu, njooni asubuhi, jioni miguu inavimba. Mje na yule luteni usu kama bado yupo, avue buti lake moja, nimfunge kamba mlalo, kisha nimpe kisu avute mwenyewe. Kamba mpya nitamlipia.

Halafu nitaanza na mfuko wa kushoto. Nataka huo uandikwe wa kwanza, na jina langu pembeni.

Wenu katika utii,
Sajini mstaafu